Mafuvu ya Sentavo Moja: Biashara ya Karatasi za Kicheko katika Jiji la Meksiko, 1880–1917

Mwaka 1880 Antonio Vanegas Arroyo alianzisha matbaa katika Jiji la Meksiko. Bidhaa zake hazikukusudiwa kukaa kwenye makabati ya vitabu. Zilikuwa karatasi za rangi na vijitabu vyembamba vya kuuzwa barabarani na kwenye magulio: nyimbo, vitendawili, mifano ya barua za mapenzi, mapishi, tamthilia fupi za watoto, michezo ya dadu, habari za mauaji na za miujiza, na kila Novemba ilipokaribia, beti za kuwacheka walio hai kana kwamba wamekwisha kuzikwa. Karatasi za bei ya chini kabisa ziliuzwa kwa sentavo moja, yaani sehemu moja ya mia ya peso. Zilisomwa, zikaimbwa, zikachezewa, zikachakaa.

Leo zile zilizosalia zinahifadhiwa katika makumbusho na maktaba za Meksiko na Marekani, na jina linalotajwa pamoja nazo karibu kila mara ni moja: José Guadalupe Posada, mchongaji wa picha. Kumbukumbu ya umma imemfanya Posada kuwa msanii mpweke aliyetumia fuvu la kichwa kuupiga vita utawala wa Porfirio Díaz. Simulizi hii inapendeza, na ina ukweli ndani yake. Hata hivyo inaacha nje jambo la msingi, kwamba karatasi hizo zilikuwa biashara. Kicheko chake kilipimwa kwa sentavo, na bei hiyo ilichangia kuamua nani achekwe, nani acheke, na nini kibaki cha kukumbukwa. Anayetaka kuzielewa karatasi hizo hana budi kuanza na bei yake.

Mikono mingi, bei moja

Posada alizaliwa mjini Aguascalientes tarehe 2 Februari 1852. Alijifunza kazi katika karakana ya José Trinidad Pedroza, na mwaka 1871 alichora katuni za El Jicote, gazeti dogo la dhihaka za kisiasa lililotoa matoleo 11 tu. Mwaka uliofuata alihamia León, alikofanya kazi za chapa za kila namna na baadaye kufundisha uchapaji wa mawe katika shule ya sekondari. Juni 1888 mafuriko makubwa yaliukumba mji huo. Mwaka huohuo Posada alikwenda Jiji la Meksiko, akafungua karakana yake mwenyewe, akawa anapokea kazi kutoka kwa Vanegas Arroyo na kutoka kwa magazeti kadhaa ya jiji.

Alikuta mambo yamekwisha anza. Manuel Manilla alikuwa mchongaji wa matbaa ya Vanegas Arroyo kabla yake, naye alikuwa ameshachora mafuvu yanayocheka. Beti na tungo nyingi ziliandikwa na Constancio S. Suárez, mtunzi kutoka Oaxaca. Nyingine nyingi zilitoka bila jina la mtu. Nyuma yao walikuwapo wapanga herufi, waendesha mashine, wakunjaji na watia rangi. Mchoraji José Clemente Orozco, katika kumbukumbu za maisha yake, anaeleza jinsi alipokuwa mtoto alivyosimama kila siku akienda na kurudi shuleni kumtazama Posada akichonga nyuma ya dirisha, na jinsi alivyoona picha zikitiwa rangi kwa mkono kwa kupitisha brashi juu ya kiolezo kilichotobolewa. Ushahidi huo wa mtoto una thamani kubwa, kwa kuwa unaonyesha karakana yenye watu, ambamo picha ilipita mikononi mwa wengi kabla ya kumfikia mnunuzi.

Bei ndogo iliingia hata katika namna ya kuchora. Picha iliyochorwa kwenye jiwe huhitaji mashine yake, na maandishi yaliyopangwa kwa herufi za risasi huhitaji mashine nyingine. Karatasi yenye picha na beti pamoja ingelazimika kupita mara mbili, na kila mara ingeongeza gharama. Kwa hiyo Posada aliacha jiwe, akachonga kwenye mabamba ya madini yaleyale yanayotumika kutengenezea herufi. Bamba liliwekwa kando ya herufi, likapakwa wino pamoja nazo, na vyote vikachapwa kwa mpigo mmoja. Baadaye alianza kutumia zinki. Alichora moja kwa moja juu ya bamba kwa wino usiopenywa na tindikali. Kisha tindikali ilikula sehemu zisizochorwa, na mistari yake ikabaki imeinuka, tayari kukaa na herufi mashineni. Kalamu juu ya zinki ilikwenda kasi kuliko patasi juu ya risasi. Ile mistari myepesi na yenye pumzi ambayo wahakiki wanaisifu leo ilitokana, kwa sehemu, na haja ya kumaliza kazi kabla habari haijachacha.

Vilevile bamba likishalipiwa halikutupwa. Liliwekwa ghalani likingoja tukio jingine linalofanana na la kwanza. Picha moja ya fuvu iliweza kutoka mwaka huu juu ya beti za watu fulani, na mwaka mwingine juu ya beti za watu tofauti kabisa. Jambo hili ni la kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba picha fulani ya Posada ina maana moja ya kisiasa. Katika ghala la Vanegas Arroyo, maana ilikuwa kazi ya herufi; picha ilikuwa tayari kutumikia maana yoyote itakayouzika.

Karatasi moja, wasikilizaji kumi

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1910, zaidi ya theluthi mbili ya Wameksiko hawakujua kusoma. Swali linalofuata ni la kawaida: karatasi zilimfaa nani, ikiwa wengi wa wapita njia hawakuweza kuzisoma? Jibu ni kwamba kununua na kusoma vilikuwa vitendo viwili, na mara nyingi vilifanywa na watu wawili. Wachuuzi, wengi wao watoto, walipiga kelele za vichwa vya habari barabarani. Kwenye magulio na sikukuu za watakatifu waimbaji waliimba mkasa mzima kisha wakauza maneno yake. Mnunuzi aliipeleka karatasi nyumbani au kazini, akamtafuta ajuaye kusoma, na wengine wakasogea. Picha ilishika macho ya asiyesoma. Vina vilisaidia kumbukumbu yake. Sentavo moja ilinunua jioni nzima ya watu kadhaa.

Kwa mtazamo huo, vitendawili na michezo havikuwa nyongeza ya kitoto katika orodha ya matbaa. Vilikuwa bidhaa zilizoelewa vyema zaidi hali ya wanunuzi. Kijitabu cha vitendawili kinahitaji msomaji mmoja tu na wategaji wengi. Msomaji wa Kiswahili aliyekua akisikia mtu akiitikiwa «tega» hahitaji kuelezwa zaidi. Mchezo wa ubao uliochapwa kwenye karatasi hauhitaji kusoma hata kidogo, ila dadu na vitu vya kusogeza, na punje za mahindi au maharagwe zilitosha.

Miongoni mwa michezo iliyotolewa na Vanegas Arroyo kwa picha za Posada ulikuwamo ule wa bata bukini, na mwingine uitwao Los charros contrabandistas, wa wapanda farasi wa magendo. Mchezo wa bata bukini ni wa kale. Ulijulikana Italia katika karne ya 16, na Francesco de' Medici wa Firenze alimpelekea mfalme Felipe II wa Uhispania nakala yake. Kanuni yake ya kale ina vyumba 63 vilivyopangwa kama konokono. Chumba cha 6 ni daraja, cha 19 ni nyumba ya wageni, cha 31 ni kisima, cha 42 ni njia za kupotezana, cha 52 ni gereza. Cha 58, karibu kabisa na mwisho, ni kifo. Anayeangukia hapo harudi nyuma chumba kimoja au viwili, anaanza upya. Hakuna ustadi unaomwokoa mchezaji. Tajiri na maskini hurusha dadu ileile.

Mchezo mwingine uliopendwa Meksiko, bahati nasibu ya picha iitwayo lotería, ulifuata mantiki hiyohiyo. Una kadi 54, na kila mchezaji ana ubao wa picha 16. Mwita kadi hasemi jina tu. Husema fumbo au ubeti wa mzaha, na wachezaji huweka maharagwe juu ya picha. Toleo lake lililoenea zaidi lilianza kuchapwa mwaka 1887 na Clemente Jacques, mfanyabiashara Mfaransa aliyejulikana pia kwa vyakula vya makopo. Katika kadi hizo kifo ni namba 14, na fuvu ni namba 42. Wateja wa Vanegas Arroyo waliishi katikati ya picha hizi. Fuvu lilipotokea kwenye karatasi zake za Novemba, lilikuwa tayari limekaa nao mezani wakicheza.

Ushindani wa magazeti nao ulisukuma mambo upande huo. Mwaka 1896 Rafael Reyes Spíndola alianzisha El Imparcial, gazeti lililopata ruzuku ya serikali ya Díaz na kuuzwa kwa sentavo moja. Matbaa ndogo isingeweza kushindana nalo kwa wingi wa habari wala kwa kasi ya mashine. Yamkini ndiyo sababu iliendelea kushikilia kile ambacho gazeti halikukitoa: wimbo wa kuimba, kitendawili cha kutega, mchezo wa kuchezea watoto, na mzaha wenye jina la jirani ndani yake.

Ruhusa ya kucheka

Karatasi za Novemba ziliitwa calaveras, neno la Kihispania lenye maana ya fuvu. Zilitoka kwa ajili ya siku za kuwakumbuka marehemu, tarehe 1 na 2 Novemba. Muundo wake ulikuwa rahisi: picha kubwa ya mifupa inayofanya mambo ya walio hai, na chini yake beti zinazowatangaza watu wa kazi mbalimbali kuwa wamekufa, kila mmoja na kasoro yake. Muoka mikate, fundi viatu, mwanasiasa, mwandishi wa gazeti, muuza sokoni, wote walipata kaburi na dhihaka. Vitu vipya vya jiji havikuachwa: tramu za umeme zilipoanza kupita mwaka 1900 hazikukawia kupata fuvu lao, ile karatasi iitwayo Gran calavera eléctrica.

Desturi hii inaeleweka vyema kwa kuiweka kando ya utani. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani huja msibani, akamwigiza marehemu, akamtania, akawafanya wafiwa wacheke palepale penye maombolezo. Ruhusa yake ni ya kabila au ya ukoo. Haiuzwi, na inaambatana na wajibu, kwani mtani huyohuyo hushughulika na mazishi. Calavera inafanana na utani kwa kuwa kifo kinatoa ruhusa ya kusema yasiyosemwa siku nyingine. Inatofautiana nao kwa kuwa ruhusa hiyo ilinunuliwa. Aliyeandika beti hakumdai wala hakudaiwa na aliyechekwa. Alichodai ni kwamba karatasi iuzike.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha historia hii. Mtani hana budi kuwajua wale anaowatania. Mchapaji alihitaji kuwajua wanunuzi wake peke yao.

Kicheko kilichoelekea juu na chini

Si kweli kwamba karatasi za Vanegas Arroyo zilikaa mbali na siasa. Mei 1892, umma ulipoandamana kupinga Díaz kuchaguliwa tena, karatasi yake ya habari iitwayo Gaceta Callejera ilitoka na picha ya Posada kuhusu machafuko hayo. Posada alichora pia kwa magazeti ya bei nafuu ya wafanyakazi, kama vile El Diablito Rojo na La Guacamaya, yaliyowasema waajiri na wakubwa. Katika nchi ambamo waandishi waliishia gereza la Belén, hilo halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo kicheko hichohicho kiliwaangukia wanyonge. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba 1901 polisi walivamia dansi la faragha katika Jiji la Meksiko wakawakamata wanaume 41, baadhi yao wakiwa wamevaa nguo za kike. Wengine kati yao walipelekwa kwa nguvu Yucatán kulitumikia jeshi. Matbaa ya Vanegas Arroyo ilitoa karatasi ya mzaha kuhusu tukio hilo, yenye picha ya Posada na beti za kuwadhalilisha waliokamatwa. Hapakuwa na ujasiri wowote katika kuwacheka watu ambao serikali ilikuwa imekwisha kuwaangamiza. Karatasi ilitoka kwa sababu jiji zima lilikuwa likizungumzia jambo hilo. Francisco Madero naye, kiongozi wa mapinduzi yaliyoanza tarehe 20 Novemba 1910, hakusamehewa: alichorwa akiwa mifupa iliyobeba chupa ya pombe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule unaojulikana zaidi duniani. Fuvu la kike lililovaa kofia pana yenye maua na manyoya, ambalo sasa huitwa La Catrina, lilipewa na matbaa jina la Calavera Garbancera. Garbancera lilikuwa neno la kejeli kwa wanawake wa tabaka la chini, watumishi wa nyumbani na wauza dengu, wanaodaiwa kujipaka poda na kuikana asili yao ya Kihindi ili waonekane Wazungu. Karatasi yenye picha hiyo inayojulikana zaidi ilitoka mwaka 1913, mchoraji akiwa amekwisha kufa, na beti zake ziliwacheka wanawake hao. Kwa maneno mengine, alama ambayo leo inafahamika kama dhihaka kwa mabibi wa kitajiri ilianza maisha yake kama dhihaka kwa mfanyakazi wa ndani.

Jina jipya

Posada alifariki tarehe 20 Januari 1913. Alizikwa katika makaburi ya Dolores kwenye kaburi la daraja la sita, lililotolewa bure, na baada ya miaka 7 mifupa yake ilihamishiwa katika shimo la pamoja. Vanegas Arroyo alifariki mwaka 1917. Wanawe waliendeleza matbaa, na mabamba yakabaki ghalani yakiendelea kutumika.

Msanii Mfaransa Jean Charlot, aliyefika Meksiko mwaka 1921, alizifuatilia karatasi hizo hadi kwenye matbaa, na mwaka 1925 aliandika makala akimtambulisha Posada kama mtangulizi wa sanaa mpya ya taifa. Mwaka 1930 kilitoka kitabu chenye picha 406, kilichoandaliwa na Frances Toor, Pablo O'Higgins na Blas Vanegas Arroyo, mtoto wa mwenye matbaa. Utangulizi uliandikwa na Diego Rivera. Mwaka 1947 Rivera alikamilisha mchoro wake mkubwa wa ukutani kuhusu bustani ya Alameda. Humo fuvu la Garbancera, ambalo kwa Posada lilikuwa kichwa na kofia tu, lilipata mwili mzima, vazi refu na skafu ya manyoya. Posada amemshika mkono upande mmoja; upande wa pili yupo Rivera mwenyewe katika umbo la mtoto. Tangu hapo mtumishi akawa bibi wa kitajiri, na kicheko kikageuza mwelekeo.

Haifai kumlaumu Rivera kwa hilo. Taifa lililotoka vitani lilihitaji mababu, na yeye alilipatia mmoja anayestahili heshima. Lakini heshima hiyo ilikuwa na gharama. Kazi zisizo na sahihi zilirundikwa chini ya jina moja. Manilla na Suárez wakawa maelezo ya pembeni. Watia rangi hawakupata hata hayo. Hata kalenda ilisahaulika. Picha ya kiumbe mwenye mwili wa buibui na kichwa cha fuvu ilivuma kwa miaka mingi kama shambulio la Posada dhidi ya dikteta Victoriano Huerta. Huerta alitwaa madaraka Februari 1913. Posada alikuwa kaburini tangu Januari. Ama bamba lilichorwa na mkono mwingine, ama lilichorwa kwa ajili ya jambo jingine na kutolewa ghalani lilipohitajika. Majibu yote mawili yanarudisha hoja kwenye duka, mahali ambapo picha ilikuwa mali ya kuuzwa tena.

Desturi yenyewe haikukatika. Taller de Gráfica Popular, karakana ya ushirika iliyoanzishwa Jiji la Meksiko mwaka 1937 na Leopoldo Méndez na wenzake, iliendelea kutoa karatasi za mafuvu, safari hii kwa nia ya kisiasa iliyotangazwa wazi. Na kila anayekunja karatasi leo, akachora mzaha wake, akatoa nakala na kuziuza mezani kwa bei ya kikombe cha chai, anafanya kazi ambayo matbaa ya Vanegas Arroyo ingeitambua mara moja.

Jambo moja la mwisho linahusu makumbusho yenyewe. Picha za mafuvu zimesalia kwa wingi kwa sababu mabamba yake yalihifadhiwa na kwa sababu wakusanyaji walizitafuta. Karatasi za michezo hazikuwa na bahati hiyo. Zilitandazwa sakafuni, zikamwagiwa vinywaji, zikakunjwa na kukunjuliwa hadi zikakatika kwenye mikunjo, kisha ikanunuliwa nyingine kwa sentavo moja. Anayeandika historia ya kicheko cha Meksiko kwa kutegemea kilichobaki, kwa hiyo, ana mbele yake zaidi kile kilichotazamwa kuliko kile kilichochezewa. Watoto waliorudishwa mwanzo na chumba cha 58, wakacheka na kurusha dadu tena, hawamo katika jalada lolote. Ndio waliokuwa wateja wa Vanegas Arroyo.